Gonga, Kisha Ungoje

Siku tuliyomzika kaka yangu Chengo, mchungaji alisimama kando ya kaburi akawafundisha watoto wa marehemu ubaya wa pombe. Chengo hakuwa mnywaji. Hata mnazi wa harusini aliupokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kisha akaupitisha kwa jirani. Lakini mchungaji alikuwa ameambiwa kwamba marehemu alikwenda mferejini akiwa amelewa, akateleza, akafa maji, naye hakutaka msiba upite hivi hivi bila somo. Watoto wale wawili walisikiliza vichwa chini. Mimi nilitazama udongo nikauma meno mpaka taya zikaniuma.

Aliyemlisha mchungaji maneno hayo alikuwa pale mbele, kofia kaishika kifuani. Jina lake Dzombo, msimamizi wa pampu kwenye kiwanda cha chumvi huko Marereni, mtu wa kwetu, aliyekula kwa Chengo mara nyingi kuliko nilivyokula mimi dada yake. Alilia kwa sauti kubwa kuliko sote. Ufunguo wa chumba cha pampu ulining'inia shingoni mwake kwa kamba, maana Dzombo alikuwa havui ufunguo ule hata akienda kuzika.

Nilimfuata watu walipoanza kutawanyika. "Dzombo, kaka yangu alikuwa anafanya nini mferejini?"

"Pole, dada Nyevu. Pole sana. Ni mambo ya Mungu."

"Nimekuuliza alikuwa anafanya nini."

"Alikwenda kuoga, pengine. Alikuwa amekunywa kidogo. Kazi haikuwapo siku ile, stima ilipotea tangu mchana, pampu haikuwaka kabisa. Muulize yeyote."

Sikumuuliza yeyote. Huku kwetu ukishasema stima ilipotea, hakuna anayekuuliza swali la pili. Stima hupotea mvua ikinyesha, hupotea jua likiwaka, hupotea upepo ukivuma na usipovuma. Ni udhuru ambao mtu huutoa akiwa usingizini na ukapokelewa. Polisi nao waliupokea, wakaandika kwamba amekufa maji, habari ikaishia hapo. Nami nikaapa, nikiwa na udongo wa kaburi viganjani, kwamba sitatulia mpaka Dzombo naye ainamishe kichwa mbele ya watu wale wale.

Yafaa nieleze kazi yao. Siku za bamvua, bahari inapojaa sana wakati wa alasiri, pampu kubwa huvuta maji ya mfereji na kuyamwaga kwenye mabwawa ya chumvi. Mdomoni mwa bomba pana wavu wa chuma, na wavu huo huziba kwa mwani. Lazima mtu ashuke mferejini auzoe mwani kabla pampu haijawashwa. Aliyekuwa akishuka ni Chengo. Nje ya chumba cha pampu wametundika kipande cha reli. Mwenye kuwasha hugonga reli ile mara tatu, kisha hungoja. Aliye chini hupanda, na akishakanyaga ukingo hujibu kwa kugonga bomba kwa kipande chake cha chuma. Usipojibiwa, huwashi. Hakuna mkubwa aliyeiandika sheria hiyo. Wafanyakazi waliianzisha wenyewe, na watoto wa Marereni huicheza uani kwa vijiko na sufuria.

Mimi ni mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi mjini Kilifi, na mapenzi yangu ni redio. Sisemi redio ya kusikilizia taarifa ya habari huku ukipika. Nina leseni ya redio ya ridhaa, na raha yangu ni kuyawinda mawimbi dhaifu yanayotoka mbali. Tatizo ni kwamba Kilifi ninakopanga kumejaa kelele: kila chaja, kila televisheni, kila taa ya jirani hutema uchafu wake hewani, na mawimbi dhaifu yanazama humo. Marereni ni tambarare, ardhi yake mbichi ina chumvi, na antena hupenda ardhi kama hiyo. Basi nikakiweka kipokezi changu kwa Chengo, kwenye nyumba za wafanyakazi, ndani ya sanduku dogo.

Chenyewe ni kidude cha ukubwa wa kiberiti. Kazi yake ni kuyanasa mawimbi na kuyakabidhi kwa kompyuta ndogo iliyo kando yake, na kazi yote iliyokuwa ikifanywa na mashine nzito za zamani hufanywa na programu. Kisha sauti hupita kwenye intaneti hadi kwangu. Ninakaa Kilifi, ninasogeza kidole, na redio iliyoko Marereni inahama stesheni. Chengo alinicheka sana siku ya kwanza. Baadaye akaipenda kuliko mimi. Alifuta chumvi kwenye maungio ya waya kwa kitambaa na kupaka grisi, akaifunga antena upya kila upepo ulipoilegeza. Aliiita mgonjwa wangu. "Mgonjwa wako ameamka salama," aliniambia kwa simu kila asubuhi.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Jioni zingine sauti ilikatakata, neno likaja nusu, nusu likapotelea njiani.

"Chengo, umeifanya nini redio yangu?"

"Mimi? Huyo mtangazaji wako ana kigugumizi, mimi nimfanyeje?"

"Kalitazame sanduku, wacha mzaha."

"Nimelitazama, dada. Nalo limenitazama."

Tulicheka, tukaliacha lilivyo. Halikuwa jambo la kumpandisha mtu hasira, wakati ule.

Baada ya mazishi nilirudi Kilifi, nikafundisha bila kusikia ninachofundisha. Jioni moja nikaifungua redio. Kila siku saa kumi nilikuwa nikimrekodi mzee mmoja anayesoma hali ya bahari kwa Kiingereza kutoka kisiwa cha mbali. Huanza kwa kutaja tarehe, kisha upepo, kisha mawimbi, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Kompyuta yangu ilikuwa ikimrekodi yenyewe, niwepo nisiwepo, ili nilinganishe jinsi sauti yake inavyosafiri misimu mbalimbali. Jioni ile mzee alisoma tarehe vizuri, akafika kwenye upepo, akaanza kukatika.

Hasira yangu ilikuwa ikitafuta pa kukaa, ikakaa pale. Nilijiambia kwamba kama siwezi kumtengeneza Dzombo, kitu hiki nitakitengeneza. Nikapunguza kipande cha mawimbi ambacho kipokezi kilikuwa kikikimeza kwa mara moja, nikidhani kompyuta imelemewa. Haikusaidia. Nikaongeza akiba ya sauti, maana kompyuta huweka sauti kidogo pembeni kabla ya kuitoa, ili mtandao ukisita wewe usitambue. Mzee akawa anachelewa, na bado anakatika. Nikawapigia watu wa intaneti nikawagombeza, wakanijibu kwa adabu kwamba laini yao ni nzima. Nikapima mwenyewe: kila nilichokituma Marereni kilirudi salama. Laini ilikuwa nzima kweli, na nilichukia kwamba walisema kweli.

Mwishowe nikaiagiza kompyuta ya Marereni irekodi huko huko, kabla sauti haijagusa mtandao, kisha nikaweka rekodi mbili pamoja. Matundu yalikuwa yale yale, mahali pale pale. Basi sauti haikuwa ikiharibika njiani, ilikuwa ikizaliwa mbovu. Na kitu kingine nikakiona nilipozirudia rekodi za nyuma: siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, mzee alisoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Bamvua ikiingia, kigugumizi kinarudi.

Nikafikiri ni unyevu, bahari inapojaa, au chumvi imekula waya sasa kwa kuwa hakuna wa kuifuta. Nikangoja bamvua, nikaomba ruhusa chuoni, nikaenda Marereni.

Kadii, mjane wa Chengo, alinipokea mlangoni na leso nyeusi begani. Alikuwa amekonda.

"Karibu, wifi. Umekuja kumwona mgonjwa wako?"

"Nimekuja kuwaona nyote. Watoto hawajambo?"

"Mkubwa hataki shule. Wanamwita mwana wa mlevi." Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Wifi, mimi nilifua nguo za mtu yule miaka yote. Ningekuwa sijui harufu ya mnazi?"

Nikapiga magoti mbele ya sanduku nikalifungua. Maungio yalikuwa safi, grisi ya Chengo ingali juu yake. Lakini chaja niliyomnunulia haikuwamo. Badala yake palikuwa na chaja nzito ya zamani, ya redio ya kaseti ya marehemu baba yetu.

"Ile yako iliungua siku ya radi," Kadii akasema. "Akasema asikusumbue, hii itatosha."

Chaja za siku hizi zina ujanja: stima ikishuka zinajikaza na kutoa kiasi kile kile. Hizi za zamani hazina ujanja huo, stima ikishuka nazo zinashuka, na kompyuta inakosa nguvu. Nilikuwa bado nimeishika mkononi, haijachomolewa, niliposikia kutoka upande wa mfereji: ngo, ngo, ngo. Kimya kidogo. Kisha ngo moja, nyembamba, ya kujibu. Halafu pampu ikanguruma.

Balbu ya Kadii ikafifia. Taa nyekundu ya kompyuta yangu ikazimika, ikawaka, ikazimika. Katika kipokea sauti nilichokuwa nimekitia sikio moja, mzee wa kisiwani akaanza kigugumizi.

Nilikaa chini sakafuni. Kadii aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia hapana, nipe maji. Nilikuwa nimeona kitu kizima kwa mara moja. Sauti hukatika pampu inapowaka, na pampu isipowaka haikatiki. Na siku aliyokufa Chengo, mimi nikiwa darasani Kilifi, kompyuta yangu ilimrekodi mzee yule kama siku zote.

Niliitafuta rekodi ile pale pale kwa simu, kwenye kompyuta yangu ya Kilifi. Ilikuwepo. Hilo peke yake lilitosha kumfanya Dzombo mwongo, kwa maana stima ingekuwa imepotea kusingekuwa na rekodi. Sanduku halina betri. Nikaisikiliza. Mzee alitaja tarehe, ile tarehe iliyoandikwa sasa msalabani. Akataja upepo. Kisha akaanza kukatika, na nikajua kwamba wakati huo kaka yangu alikuwa kwenye wavu.

Ilikatika kwa muda mfupi, ikanyooka. Pampu ilizimwa. Mzee akasoma mawimbi vizuri, neno kwa neno, na nikawa ninamwomba aendelee hivyo hivyo. Kisha ikaanza kukatika tena, ikakatika mpaka mwisho.

Niliirudia mara ngapi sijui. Kuiwasha mara ya kwanza ningeweza kumsamehe, siku moja, nikiwa mzee. Mtu hukosea. Lakini pampu ilizimwa na mtu aliyejua kuna jambo, na ikawashwa tena na mtu yule yule, kwa ufunguo ule ule wa shingoni. Aliiwasha juu ya Chengo, kwa sababu bahari ilikuwa ikianza kupwa na mabwawa yalikuwa hayajajaa.

Kama Chengo angeniambia kuhusu chaja, ningemletea nyingine nzuri, na sauti isingekatika hata mara moja, na Dzombo angezeeka na heshima zake. Hilo ndilo nililolifikiria njiani nikirudi. Sikulia. Nilikuwa na furaha mbaya, ile ya mtu aliyepata fimbo ya kadiri ya mkono wake.

Kabla sijaondoka nilimpitia Musyoka, jirani yao, mtu wa Ukambani aliyefanya kazi chini ya Dzombo. Nilimkuta akishona kiatu kizingitini.

"Musyoka, siku ile ulikuwa zamu?"

Hakuinua uso. "Mwalimu, mimi niko mbali na kwetu. Nina watoto."

"Chengo pia alikuwa na watoto."

Sindano ilisimama, ikaendelea. Nikamwacha. Sikuwa na haja ya kumlazimisha mtu aseme, nilikuwa na mzee wa kisiwani.

Rekodi niliinakili, nakala moja nikaipeleka mimi mwenyewe kwa mwanasheria Malindi, naye akaniambia mambo ya serikali yatachukua mkondo wake. Yachukue. Mkondo wa serikali ulikuwa wa serikali. Mimi nilitaka wangu. Kaka yangu alivuliwa jina mbele ya watu, na jina lile lingerudishwa mbele ya watu, mahali pale pale, na spika kubwa zaidi.

Sisi Wagiriama tunamlilia mtu mara mbili. Kuna hanga la mazishi, ambalo bado ni bichi, na kuna lile la baadaye, hanga bivu, ambapo ndugu wote hurudi, watu hula, ngoma na muziki hulia, na marehemu huagwa kabisa. Wazee walipokaa kupanga siku nilimwendea ami yangu.

"Shikamoo, ami. Naomba liwe siku ya bamvua."

"Marahaba. Bamvua ya nini? Unataka kuvua samaki?"

"Nataka kaka yangu aagwe bahari ikiwa imejaa, ami. Ndiyo kazi aliyoifia."

Alinitazama, akaona kitu usoni mwangu ambacho hakutaka kukiuliza. Ikawa bamvua.

Nilimwalika mchungaji kwa mdomo wangu. Nilimwalika Dzombo kwa unyenyekevu uliomfanya atabasamu. Nikamwomba aseme neno la shukrani kwa niaba ya wafanyakazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa rafiki wa karibu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini na wewe unaweza kukikaribisha kiti.

Siku ilipofika watu walijaa uani kwa Chengo. Palikuwa na hema, pilau, na spika mbili ndefu kuliko mimi, zikiendeshwa na jenereta ya watu wa muziki. Taa za rangi za hema zilivuta stima ya nyumba. Dzombo aliketi mstari wa mbele na wazee, soda mkononi. Shingo yake ilikuwa tupu. Maji yalikuwa yakijaa, pampu lazima iwashwe, na kwa kuwa yeye alikuwa mgeni wa heshima alimwachia Musyoka ufunguo.

Ilipokaribia saa kumi nilimwomba mtu wa muziki anyamazishe ngoma, nikashika kipaza sauti.

"Hamjambo nyote. Mnajua Chengo alikuwa akinitunzia redio. Yeye aliiita mgonjwa. Leo nataka mgonjwa amuage daktari wake."

Watu wakacheka kidogo, kwa huzuni. Nikamweka mzee wa kisiwani kwenye spika, moja kwa moja, kutoka kwenye sanduku lililokuwa hatua chache nyuma yangu. Sauti ikatoka safi. Tarehe. Upepo. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, tuwekee muziki!" Nikamwambia asubiri. Dzombo akanong'ona jambo kwa mzee wa pembeni, wakatabasamu.

Ngo, ngo, ngo.

Wafanyakazi wote waligeuza vichwa bila kujijua, kama mtu anavyogeuka akisikia jina lake. Likaja jibu, ngo moja. Pampu ikanguruma. Taa za hema zikafifia, na spika zikaanza kukatakata, neno nusu, kimya, neno nusu. Sikuwa na nia ya kuwaeleza. Nilitaka waone wenyewe.

"Ni pampu!" mwanamke mmoja wa mabwawani akasema. "Taa zimeshuka na redio imeshikwa. Ni pampu hiyo!"

"Ni pampu," nikasema. "Kila inapowaka, mgonjwa wa Chengo hushikwa na kigugumizi. Sasa sikilizeni na hii. Hii ni ya siku aliyokufa."

Nikaicheza kutoka kwenye simu yangu. Mzee akataja tarehe, na waliokijua Kiingereza wakawatafsiria wasiojua. Kadii alikuwa ameketi kwenye mkeka, wanawe wakimwegemea. Upepo. Kisha sauti ikaanza kukatika, na wapishi wakaacha miko yao.

Dzombo alisimama. "Hiyo ni intaneti tu, jamani. Intaneti ya huku ni mbovu, nani asiyejua?"

"Ya stima umeshaitumia," nikamwambia kwenye kipaza sauti. "Sasa umehamia kwenye intaneti. Hebu turudi kwa stima. Ulituambia ilipotea tangu mchana. Kama ilipotea, Dzombo, redio hii ilikuwa ikila nini?"

Spika zikamjibia: sauti ikanyooka. Mzee akasoma mawimbi, safi, taratibu.

"Hapo pampu imezimwa," nikasema. "Nani mwenye ufunguo?"

Wote walimtazama shingoni. Kisha sauti ikaanza kukatika tena, na nikaiacha ikatike. Nilimtazama mchungaji. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa shati, anaifuta, anaifuta. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile niliirefusha kidogo kwa makusudi, ili Dzombo aitembee yote.

Pampu ya kweli, kule mferejini, ikazimika. Muda si muda Musyoka akatokea akitembea juu ya tuta la bwawa, ufunguo mkononi. Spika zile ndefu zilikuwa zimemfikishia kila kitu. Alisimama mbele ya Kadii, si mbele yangu.

"Mama, nisamehe," akasema. "Mimi nilikuwa bwawani. Niliona Chengo ameshuka. Dzombo alikuja amechelewa, ametoka kunywa mangweni, ananuka mnazi. Hakugonga reli. Akawasha. Nilikimbia nikipiga kelele, akazima. Tulichungulia pamoja. Chengo alikuwa amebanwa kwenye wavu, hatikisiki. Nikasema tushuke tumtoe. Akasema huyu ameshakwenda, maji nayo yanakwenda, mabwawa hayajajaa. Akaniambia nikisema nitarudi Ukambani na mguu mmoja. Akawasha tena."

Kadii alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Vijana wakanyanyuka. Mmoja alishashika kigingi cha hema, na Dzombo akarudi nyuma mpaka akagonga meza ya pilau. Wangemmaliza pale pale. Nilisimama katikati yao, si kwa huruma. Mtu akipigwa hafikirii chochote ila kipigo.

"Mwacheni! Kesho ni wa serikali. Leo ni wangu."

Nikamshika mkono mwenyewe, nikamvuta. Alinifuata. Watu wote wakatufuata juu ya tuta, wazee, wapishi, mchungaji, watoto, hadi chumba cha pampu. Mfereji ulikuwa umejaa, maji yametulia. Reli ilining'inia mahali pake. Nikaokota nyundo yake chini, nikamtia mkononi.

"Gonga," nikamwambia. "Zile ulizomnyima."

"Dada Nyevu, nakuomba..."

"Gonga."

Aligonga. Ngo, ngo, ngo. Ya tatu ikatoka hafifu.

"Sasa ngoja ujibiwe."

Tukangoja. Jasho lilimtiririka Dzombo hadi kidevuni. Kadii alikuwa amefika ukingoni, na ndani ya leso yake alikuwa amepakata kile kipande cha chuma cha Chengo, kile cha kujibia, alichokihifadhi tangu walipomletea maiti. Dzombo alikiona. Sote tulikiona. Bomba lilikuwa mbele ya miguu ya Kadii. Angeligonga kwa chuma kile mara moja tu, mambo yangeisha, Dzombo angeachwa aende zake akangoje polisi.

Dzombo alimtazama kwa macho ya kuomba. Kadii akakifunika kile chuma kwa leso, vizuri, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala.

"Hajajibu," nikasema. "Gonga tena."